Sanduku Ambalo Halikugeuzwa

Neema, na wewe Lugano, na ninyi wenzao wawili ambao majina yenu huwa nayachanganya kwa sababu mnafanana kama mapacha wakati hata ukoo si mmoja.

Mlikuja kwangu siku ya nne baada ya kumzika mke wangu. Mlivua viatu mlangoni mkapiga magoti, hata Lugano mwenye goti lililoumia mpirani. Neema ukasema, "Babu, tumekosa mara mbili. Tulitoka msibani bila ruhusa, na sanduku la tatu limeharibika." Halafu ukaweka funguo za banda la kokoa juu ya meza, karibu na kikombe changu cha uji, ukasema kazi hii imekushinda, atafutwe mtu mwingine.

Sikuwajibu. Niliitikia tu "Ndaga", asante tupu, nikawaangalia mkivaa viatu na kuondoka. Msidhani nilikuwa na hasira. Mdomo ulikuwa hautaki kufunguka. Siku zile nikitaka kusema jambo nilikuwa nageukia kwanza upande wa jikoni nimwambie Subilaga, ndipo nakumbuka. Kwa hiyo leo naandika. Nimeishia darasa la saba na mwandiko wangu mnaujua ulivyo, lakini mtausoma. Naomba usomwe pia kwenye mkutano wa kikundi, kwa sababu wapo wanachama ambao wameleta kokoa miaka yote hii bila kujua inafanywa nini ikishapita mlango wa banda, na wao ndio wanaowasema vibaya sasa hivi.

Kwa ajili yao nitaanza na kazi yenyewe. Kokoa ikitoka kwenye tunda haina maana. Ni mbegu zilizofunikwa utando mweupe, tamu mdomoni, watoto wanazifyonza. Ukizikausha hivyo hivyo unapata kitu kichungu kisicho na harufu. Lazima zivundikwe. Unazijaza kwenye sanduku la mbao lenye matundu chini ili maji yatoke, unafunika kwa majani ya mgomba, unaziacha zipate joto lenyewe. Siku mbili zikipita unazihamishia sanduku la pili kwa beleshi la mbao, ili zilizokuwa katikati ziende pembeni na za pembeni ziingie katikati, zote zipate hewa. Kisha unageuza tena, na tena, mpaka siku ya sita, ndipo unaanika. Kazi yote ni kugeuza kwa wakati. Ukichelewa siku moja bado unaweza kuokoa kitu. Ukichelewa siku mbili huna kitu.

Haya niliyajua kwa kuambiwa, siku ile nilipokabidhiwa masanduku kwa mara ya kwanza. Kuambiwa na kujua ni vitu viwili.

Wakati huo kila mtu hapa Ndandalo alikuwa anavundika kwake, kwenye kikapu au kwenye gunia nyuma ya jiko, na walanguzi wakituchezea. Mfanyabiashara mmoja wa Ipinda tuliyemwita Ami Nasoro, ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye duka lake liliuza kila kitu kuanzia sindano mpaka saruji, akatuambia, "Kusanyeni kokoa yenu pamoja, mvundike sawasawa, mimi nitakuja kuikata nione ndani. Ikiwa nzuri, nitaichukua yote kila msimu. Mkiniletea mchanganyiko, basi tena, wallahi sitarudi." Tukajenga banda. Wakanichagua mimi kwa sababu nilikuwa kijana mwenye nguvu na nilikuwa nimewahi kufanya kazi kwenye shamba la kokoa. Kazi yangu shambani ilikuwa kufyeka. Sikuwaambia hilo.

Watu walileta kokoa yao Jumamosi. Akina mama walikuja na ndoo kichwani, wazee wakasukuma baiskeli. Kati yao alikuwepo bibi mmoja mjane, Bibi Atu, aliyeleta ndoo moja tu, lakini kila mbegu yake ilikuwa imekaguliwa, hakuna ganda wala kipande cha tunda. Aliniangalia akaniuliza, "Wewe utakuwa hapa Jumatatu?" Nikamwambia, "Bibi, nitakuwa hapa hata mbingu ikianguka."

Jumapili mchana baba yangu mdogo akafa.

Wanachama mnaujua msiba wetu. Mwanamume haendi msibani kutoa pole na kurudi nyumbani. Anakwenda, anakaa, analala huko pamoja na wenzake mpaka watu watawanyike, na mtu asiyeonekana anakumbukwa miaka. Mimi nilikuwa mtoto wa marehemu. Jumatatu nilikumbuka masanduku. Nikajiambia yatasubiri. Jumanne nikakumbuka tena, nikajiambia majani ya mgomba yamefunika vizuri. Nilikuwa na uchungu wa kweli, nawaambieni, lakini pia nilikuwa naogopa macho ya watu. Nilirudi bandani Ijumaa.

Kabla ya kufungua mlango nilijua. Kokoa nzuri siku ya kwanza inanuka utamu, siku ya pili inanuka pombe, siku ya tatu na ya nne inanuka siki mpaka macho yanatoa machozi. Ile ilinuka zizi. Juu kulikuwa kukavu, pembeni ukungu mweupe, katikati nyeusi na yenye utelezi. Na mbwa wa jirani alikuwa amelala juu ya majani kwa sababu ya joto, akanitazama kama mimi ndiye mgeni.

Kosa la kwanza ni hilo, na watu wangenisamehe. Kila mtu alijua nilikuwa msibani. Kosa la pili nililifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Nilibeba ile kokoa kwenda mtoni nikaiosha ukungu. Nikaianika. Ilipokauka nikachukua kokoa yangu ya nyumbani, iliyokuwa nzuri, nikaichanganya juu juu.

Subilaga alinikuta mtoni. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa. Alitokea Matema, ambako kokoa ni chache na samaki ni wengi, hakuwa na habari nyingi za kazi hii.

"Baba Tusa, unaosha nini?"

"Kokoa."

"Kokoa huwa inaoshwa?"

"Hii inaoshwa."

Akaweka ndoo chini. "Kwetu samaki akioza tunamtupa," akasema. "Hatumwoshi." Akajitwisha ndoo yake akaenda.

Ami Nasoro alikuja na kisu chake kidogo cha kukunja. Wanachama wote walikuwepo, wamevaa vizuri. Hakuchukua zilizo juu. Aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akatoa konzi, akaanza kukata moja moja na kuzipanga kwenye kipande cha boksi. Mbegu nzuri ukiikata ina rangi ya kahawia na mistari kama ubongo. Ile isiyoiva ni ya kijivu, na iliyooza huhitaji kuambiwa. Alipanga kwa rangi. Boksi lile lilikuwa kama kanga. Akaniangalia, akashusha sauti ili nisikie mimi peke yangu, na hilo sijalisahau mpaka leo, kwamba alishusha sauti.

"Kijana, hii imeoshwa."

Mimi nikasema kwa sauti, ili watu wasikie, "Ni mvua, Ami. Mvua ilitunyeshea."

Akafunga kisu. "Basi mimi nimemaliza," akasema. Naye sasa akapaza sauti. "Ndugu zangu, kokoa hii siwezi kuichukua. Mwulizeni kijana wenu."

Waliniuliza. Niliwaambia ni mvua. Hakuna aliyegombana nami. Kila mtu alichukua sehemu yake akaenda nayo nyumbani, na banda likabaki tupu msimu mzima. Kuku walianza kutaga ndani ya masanduku. Nikipita njiani watu walinisalimu, "Mugonile", wanapita. Hakuna aliyesimama.

Bibi Atu ndiye aliyesimama. Ilikuwa wiki tatu baadaye, nakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Akaja mpaka shambani kwangu, akakaa juu ya gogo.

"Ulikuwa msibani," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mbingu ilianguka."

Nikaweka panga chini.

"Mimi sikuja kwa ajili ya ile ndoo yangu. Nimekuja unionyeshe mkono wako." Nikampa. Akaugeuza, akaunusa. "Mkono huu haujawahi kuingia kwenye kokoa. Wewe unageuza kwa saa ya ukutani. Kesho uje kwangu. Na uje umekwisha kuwaambia watu kwamba haikuwa mvua."

Lilikuwa sharti gumu. Nilikwenda kwanza kwa Subilaga. Nilimwambia, naye akasema, "Mimi nilikuwa nasubiri tu useme. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba nimeolewa na mtu mwingine." Jumapili ile baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa nikawaambia. Nilisema niliosha, nilichanganya, nilidanganya. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mvua tumeisingizia?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Halafu nikatoka na baiskeli mpaka Ipinda nikamwambia Ami Nasoro. Alikuwa anapima sukari. Hakuacha kupima. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa sijui kama wewe unajua. Sasa ukipata kokoa nzuri, niite."

Kwa Bibi Atu nilifanya kazi msimu mzima, kwenye vikapu vyake viwili. Alinifundisha kwa kunikataza. Alinikataza kuangalia saa. Alinikataza kutumia beleshi la chuma, kwa sababu kokoa inakula chuma na kubadilika rangi. Alinikataza kuvuta sigara hata nje ya uzio, nikaacha, na mapafu yangu yanamshukuru. Kila asubuhi aliniambia, "Ingiza." Naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. "Hesabu." Siku ya kwanza nahesabu mpaka nachoka. Siku ya tatu nikifika kumi nautoa mwenyewe. Nisipofika kumi, imeanza kuungua, geuza sasa hivi. Nikifika ishirini siku ya tatu, kuna kasoro, haikupata hewa au mvua imeingia, funika vizuri zaidi. Ninyi mna kipimajoto siku hizi, kile kirefu mlicholetewa na wale wataalamu. Kizuri. Lakini Neema, nilikuona mwezi uliopita betri yake imekufa, na bado ulijua. Uliingiza mkono ukahesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Nani alikufundisha kuhesabu? Mimi. Na mimi nani alinifundisha? Kwa hiyo mkono wako una umri mkubwa kuliko unavyofikiri.

Mengine alinifundisha bila kujua. Alikuwa akikosea, na alikosea, anakwenda kumwaga kokoa mbovu mbele ya nyumba yake, barabarani kabisa, kila mpita njia aione. Nikamwuliza kwa nini asiitupe nyuma ya migomba. Akasema, "Nikiitupa nyuma nitaisahau. Hapa watu watanikumbusha kila siku." Na kweli walimkumbusha, kwa utani usio na huruma. Yeye alikuwa anawajibu kwa utani mbaya zaidi.

Kanisani, kwa taarifa yenu, mimi na Subilaga tulikuwa na benchi letu peke yetu. Siki haitoki kwenye ngozi, hata uoge na sabuni ya unga. Watu walikuwa wanatuachia nafasi kama wakubwa wa serikali. Subilaga alikuwa akiushika mkono wangu jioni anaunusa, ananiambia, "Leo ni siku ya tatu." Hakuwahi kukosea. Yule mtu wa samaki alijifunza kokoa kutoka kwenye mkono wangu bila kukanyaga bandani.

Msimu uliofuata nusu ya wanachama walikubali kuleta tena. Nusu walisema wataangalia. Nilifukuza kuku, nikaosha masanduku, tukajaza. Hiyo ilikuwa nafasi yetu ya mwisho na kila mtu alilijua hilo. Siku ya pili, asubuhi, Bibi Atu hakuamka.

Nilikwenda kama wengine. Nilikaa pamoja na wanaume. Jua likapanda. Nilikuwa nahesabu saa ambazo nilikatazwa kuziangalia. Huyu aliyelala mle ndani ndiye aliyenipa kazi, nitaondokaje? Halafu nikamwona Subilaga anatoka upande wa wanawake, anapita katikati ya wanaume wote, kitu ambacho hakifanywi, mpaka mbele yangu. Hakunong'ona.

"Baba Tusa, leo ni siku ya pili. Nenda ukageuze."

Mtu mmoja akasema, "We mama, hapa ni msibani."

"Najua," Subilaga akasema. "Na kokoa ya marehemu imo mle bandani."

Niliondoka. Nilisikia maneno nyuma yangu, siyaandiki. Niligeuza masanduku yote, kuanzia lile lenye ndoo yake, nikilia peke yangu na mvuke wa kokoa ukinipa kisingizio. Niliporudi, kaka yake marehemu, mzee mkali ambaye tulikuwa tunabadilisha njia tukimwona, alikuwa amesimama akinisubiri.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nageuza, baba."

Akachukua mkono wangu wa kulia, akaunusa, mbele ya watu wote, kama alivyokuwa akifanya dada yake. Akakaa nao muda mrefu.

"Kaa hapa," akasema. "Karibu na mimi."

Ndivyo utaratibu ulivyoanza. Ami Nasoro alikata kokoa ile akapanga kwenye boksi rangi moja. Na tangu hapo, msiba wowote ukiingia masanduku yakiwa yamejaa, watu wa banda wanainuka, wanakwenda, wanarudi, na hakuna anayeuliza. Haujaandikwa mahali popote. Nilifikiri hauhitaji kuandikwa. Hilo nalo ni kosa langu, maana wenyeji wanaujua lakini wageni hawaujui.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu.

Siku ya msiba wa Subilaga niliwaona mkiinuka. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, aliyefika kutoka mjini baada ya miaka mingi. Niliwaona wanne mnapita pembeni, vichwa chini, nikajua mnakwenda wapi. Moyo wangu ulitulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shemeji yangu naye aliwaona. Akauliza, "Hawa watoto wanakwenda wapi?" Mtu akamjibu, "Wanakwenda bandani." Akakasirika. Akampigia simu Lugano kwa namba aliyopewa na mtu, akawaita mrudi, na mliporudi akawasema mbele ya watu kwamba hamna heshima, kwamba mmemwacha marehemu kwa ajili ya mbegu. Mkakaa. Mlikuwa mmegeuza sanduku la kwanza na la pili. La tatu lilibaki mpaka baada ya mazishi, na siku zikawa zimepita.

Yote yale nilikuwa nayasikia. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Neno moja langu lingetosha. "Shemeji, waache." Maneno mawili. Sikuyasema. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na uchungu, na kama kijana yule wa zamani, nilikuwa naogopa macho ya wakwe zangu. Mke wangu alipita katikati ya wanaume kwa ajili ya masanduku yale, na mimi siku yake sikufungua mdomo.

Kwa hiyo sanduku la tatu nimeliharibu mimi. Msomaji wa barua hii alisome neno hilo mara mbili mkutanoni. Ninyi mlitoka bila ruhusa kwa sababu ruhusa mlikuwa nayo tangu kabla hamjazaliwa. Nimeshamwambia shemeji yangu kwa simu. Akaniuliza kama ni kweli dada yake alipita katikati ya wanaume. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Huyo ni yeye." Anaomba radhi kwenu.

Ile kokoa mbovu nimesikia mmeificha kwenye magunia nyuma ya banda. Itoeni. Imwageni mbele ya nyumba yangu, barabarani. Watu wakiuliza ni ya nani, wanikute nimekaa hapo kibarazani, nitawajibu mwenyewe.

Na Neema. Mliporudi msibani ulikuja kunipa mkono wa pole kabla hujakaa. Mkono wako ulikuwa unanuka siki, nami baada ya wewe kuondoka niliuweka wangu puani nikakaa nao hivyo, nikasema moyoni, leo ni siku ya tatu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Lakini nilijua, na nilijua kwamba wewe pia unajua.

Wanachama wamejaza masanduku jana bila kujua kama kuna mtu wa kuyaangalia. Kesho asubuhi ni ya kugeuza. Funguo bado ziko hapa mezani, sijazigusa, nakunywa uji kwa upande mwingine. Mgongo wangu hauwezi tena beleshi, na sina nia ya kumpa mtu mwingine. Mlango wangu utakuwa wazi kuanzia kunapokucha. Pita uzichukue, na ukimaliza kugeuza rudi hapa uninyooshee mkono.